Kadi ya sauti ya USB isiyotaja Linux kwenye boksi: ninunue?

Mrekodi_Umoja
Wadau, hamjambo. Narekodi kwaya yetu hapa Umoja kwa laptopu yenye Ubuntu 24.04 (aina ya Linux). Kuna duka Luthuli Avenue nimeonyeshwa kadi ya sauti ya USB, ya maiki mbili, yenye 48V (umeme wa kuendesha maiki za kondensa). Boksi limeandikwa Windows na Mac tu, na muuzaji anasema bila draiva (programu ya kuendeshea kifaa) haitafanya kazi. Pesa tumechangishana, siwezi kubahatisha. Mnanishauri vipi?

FundiMawimbi
Boksi lisikutishe. Draiva unayohitaji imo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, inaitwa snd-usb-audio. Haijali jina la kampuni, bora kifaa kifuate utaratibu wa pamoja wa sauti kupitia USB, uwe ule wa 1998 au toleo la 2 la 2006. Zinazosumbua ni zile ambazo mtengenezaji amejitungia utaratibu wake. Hizo, kama hakuna aliyeziandikia msimbo kwenye kerneli, hazitoi hata mlio. Dalili nzuri: kadi inayokubali iPad bila kusakinisha chochote, Linux nayo huikubali karibu kila mara.

Beba laptopu mpaka dukani, ni haki yako. Chomeka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `arecord -l` uone orodha ya kadi za kurekodi. Jina likitokea, usiishie hapo, rekodi:

`arecord -D plughw:1,0 -f cd -d 10 jaribio.wav`

Hiyo 1 iwe namba ya kadi uliyoiona kwenye orodha. Sikiliza hiyo rekodi kabla hujatoa pesa. Kuonekana kwenye `lsusb` (orodha ya vifaa vya USB) peke yake hakutoshi.

MamaKwaya_Kayole
Na umeme pia, ndugu yangu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na maiki za kondensa zinakula kwenye hizo hizo. Usipitishie kwenye habu (kigawanya tundu za USB) pamoja na vitu vingine, itakatika katikati ya wimbo.

Mrekodi_Umoja
Asanteni sana. Nimejaribia pale pale dukani, imerekodi, nimenunua. Ila maiki moja inasikika sikio la kushoto tu.

FundiMawimbi
Kadi yako ni nzima. Tundu la 1 huenda kushoto, la 2 kulia. Kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) tenganisha chaneli, futa ya kulia iliyo tupu, ya kushoto iache iwe mono, isikike masikio yote mawili. Mkipata maiki ya pili, rekodini soprano na alto kwenye moja, tenori na besi kwenye nyingine, ili besi zikizidi uzipunguze bila kugusa soprano.