Filamu ya shoti moja isiyokatwa: ni kusimulia au ni kujionyesha?

Mleta mada
Wakuu, kila ikitoka filamu ya shoti moja ndefu, yaani kamera inapiga mfululizo bila mkato (kuruka kutoka picha moja kwenda nyingine), sifa zinamwagika: hawajakata hata mara moja! Mimi nauliza, hadithi imefaidika nini? Mwaka 2002 ilitoka Russian Ark, filamu ambayo mwongozaji Alexander Sokurov aliipiga ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage kule Urusi, karibu dakika 90 bila mkato. Kazi ya kutisha, nakiri. Ila mimi niliishia kumhurumia mbeba kamera, wahusika nikawasahau. Mkato ndio unaosimulia. Mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, alilionyesha hilo yapata miaka 100 iliyopita: uso uleule wa mwigizaji, ukiunganishwa na bakuli la supu watu wanaona njaa, ukiunganishwa na jeneza wanaona majonzi. Uso haukubadilika hata kidogo.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, hapo umejichimbia kaburi. Kama mkato unaweza kuuvika uso huzuni isiyo yake, basi unaniamulia cha kuhisi. Kumbuka filamu ya Citizen Kane (1941). Mama anatia saini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mtu wa benki, baba analalamika pembeni, na kule nyuma, dirishani, mtoto anacheza kwenye theluji, hana habari. Mpiga picha Gregg Toland alihakikisha wa mbele na wa nyuma wote wanaonekana vizuri. Sasa ikatekate sini hiyo: mama, mtoto, mama, mtoto. Umeshaniambia lini nilie. Ikiachwa nzima, jicho langu lenyewe linamtafuta yule mtoto.

Mchangiaji wa 2
Wengine hawakuwa na hiari. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipopiga filamu ya Rope (1948), mkanda kwenye kamera ulitosha dakika 10 hivi tu, kwa hiyo kamera inasogea hadi mgongoni mwa koti, picha inakuwa giza, wanabadilisha mkanda. Na mikato mingine iko peupe kabisa! Wengi hawaioni, wameshashikwa na swali kama maiti iliyofichwa sandukuni itagunduliwa.

Mleta mada
Ya dirisha nimekubali, na roho inaniuma. Lakini angalieni: pale kamera haikuombi uisifu. Kinachosimulia ni kina cha picha, yaani wa mbele na wa nyuma kuonekana pamoja, wala si urefu wa shoti. Nileteeni basi kamera inayofukuzana na mtu kutoka ngazi hadi korido, ambayo ukiikata katikati hadithi inavuja.