Hamasa inawaka Jumamosi, Jumatano imezimika: azma inaingia wapi?

Mlezi wa Klabu (Mbale)

Habari zenu wadau. Nasimamia klabu ya vijana wa miaka 15 hadi 24. Wengine wako S3 mpaka S6 (kidato cha tatu hadi cha sita), wengine waliacha shule. Kila muhula tunaalika mgeni azungumze nao: mwanariadha, daktari, mfanyabiashara. Ukumbi hujaa, vijana huandika ndoto zao kwenye karatasi, wapo hata wanaotokwa na machozi. Wiki mbili baadaye kila kitu kimerudi kilivyokuwa. Wenye ujuzi naomba mnieleze: hamasa na azma zinatofautiana wapi, ipi itangulie, na mgeni akishaondoka tufanye nini? Maneno ya kutia moyo tunayo tele. Naomba hatua.

Mshauri Nasaha (Kampala)

Mlezi, asante kwa kuuliza wazi. Hamasa hukujia. Huwezi kuiamuru ije, na haikai sana. Wanasaikolojia Todd Thrash na Andrew Elliot walioichunguza mwaka 2003 na 2004 waliona ina pande mbili: kuguswa na kitu, halafu kusukumwa kufanya kitu. Mikutano mingi inaishia upande wa kwanza. Kijana ameguswa, amepiga makofi, amekwenda nyumbani. Azma ni tofauti kwa sababu huichagua mwenyewe, hukaa nayo miaka, na huwa na gharama unayokubali kulipa.

Ukitaka kujua kijana yuko wapi, siku nne baada ya mkutano muulize maswali mawili: nini kilikugusa, na ukifika miaka mitatu kutoka leo unataka uwe unafanya nini? Akikupa jina la mgeni tu, ana hamasa bila azma. Akisema "nataka kuwa nesi" lakini hajawahi kumwona nesi kazini wala hajui masomo yanayotakiwa, ana azma bila hamasa. Mara nyingi hiyo si azma yake bali ya wazazi, na itakauka siku atakapofeli mtihani wa kwanza.

Sasa mkutano wenyewe. Mgeni apewe dakika 30, si saa mbili. Mwombeni mapema aeleze mambo matatu: mwaka aliokwama na kilichomkwamua, fedha zilizotumika na zilikotoka, na Jumanne yake ya kawaida inavyokwenda tangu asubuhi. Hiyo Jumanne ndiyo vijana hawaijui. Wanaona medali au koti jeupe, hawaoni saa kumi na moja alfajiri.

Dakika 40 za mwisho ni za kalamu, mgeni akiwa bado yupo ukumbini. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwamba kuota matokeo mazuri peke yake hupunguza nguvu ya kuyatafuta, maana akili inatulia kana kwamba imeshafika. Dawa yake ni kuota, kisha palepale kutaja kizuizi kilicho ndani yako, halafu kuandika sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya vile". Sentensi za aina hiyo zimefanyiwa utafiti mwingi na Peter Gollwitzer.

Hapa vijana wengi huharibu. Kwenye kizuizi wanaandika "umaskini". Umaskini upo kweli, lakini hakuna atakayekutana nao Jumatatu saa moja jioni na kuushinda. Mrudishe atafute kitu kitakachomkabili wiki hii hii. Mfano: "Nikimaliza kuosha vyombo na kushika simu, nitampa mama simu hiyo mpaka nimalize maswali matano ya hisabati." Ina wakati, ina kitendo, na mama ni shahidi. Sentensi moja inatosha. Ukimpa kijana sita, hatafuata hata moja.

Kocha wa Mbio (Kapchorwa)

Nakubaliana na Mshauri, ila niongeze upande wa michezo, kwa sababu wageni wengi wa klabu kama hizi ni wanariadha.

John Akii-Bua alichukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Uganda nzima ilihamasika. Dhahabu ya Olimpiki iliyofuata ilikuja London 2012, Stephen Kiprotich alipoishinda maratoni. Miaka 40! Hamasa haikukosekana muda wote huo, jina la Akii-Bua lilikuwa kwenye kila mdomo. Kwa maoni yangu kilichokosekana ni ngazi za kupandia: makocha, viwanja, mashindano ya kila mwaka na utulivu wa nchi. Yeye mwenyewe hakupata nafasi ya kutetea taji lake, kwa kuwa 1976 Uganda ilisusia michezo ya Montreal.

Tazameni pia Joshua Cheptegei. Machi 2017, mbio za nyika za dunia hapa kwetu Kololo, aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho, miguu ikamwishia, akamaliza wa 30 mbele ya watu wake. Mashabiki walimpa hamasa ya kuanza kwa kasi, lakini kasi ile haikuwa ya kumaliza. Miaka miwili baadaye, Aarhus, Denmark, aliyashinda mashindano hayo hayo.

Sasa hesabu ninayotaka vijana waifanye kwa mikono yao. Oktoba 2020, Valencia, Cheptegei alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa 26:11.00 (dakika 26 na sekunde 11). Ya zamani, ya Kenenisa Bekele, ilikuwa 26:17.53. Gawanya kwa mizunguko 25: ya zamani ni sekunde 63.10 kwa mzunguko, mpya ni 62.84. Tofauti ni kama robo ya sekunde. "Kuvunja rekodi ya dunia" inatisha, lakini "mzunguko huu nimalize kwa 62.8" ni kazi ya dakika moja, na siku ile taa za pembeni ya uwanja zilikuwa zikimwonyesha kasi kila hatua. Azma ya kijana wako nayo igawanywe hivyo, mpaka ifikie kipande anachoweza kukipima kabla hajalala.

Mweka Hazina wa Kikundi (Arua)

Mmewasemea sana wa shule. Wale walioacha shule azma yao huvunjikia kwenye pesa, kwa hiyo tupige hesabu.

Tuseme binti anataka kushona nguo. Cherehani ya miguu, mkasi, uzi na vitambaa vya kuanzia, jumla shilingi 720,000 (aulize bei sokoni kwenu, asikisie). Yuko kwenye kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu, hisa moja 2,000, na mwisho hisa tano kwa kikao. Akiweka 10,000 kila wiki, kwa wiki 52 ana 520,000 pamoja na fungu lake la riba siku ya mgao, kikundi kinapogawana fedha mwisho wa mwaka.

Kosa la kawaida ni kukopa yote katikati ya mzunguko, yaani kabla ya mwaka huo wa akiba kuisha. Wiki ya 24 ana akiba 240,000. Vikundi vingi huruhusu mkopo mara tatu ya akiba, hivyo 720,000 anaipata. Furaha kubwa! Lakini mkopo wa miezi mitatu maana yake ni kulipa 240,000 kwa mwezi na riba juu, kabla hajapata wateja. Mwisho cherehani inauzwa kulipa deni.

Njia salama: asubiri mgao, ashike zile 520,000. Mzunguko mpya ukianza aweke wiki saba, ana 70,000, anaruhusiwa mkopo wa 210,000. Jumla 730,000. Deni lake sasa ni 70,000 kwa mwezi na riba kidogo, na mwaka ule wa kusubiri awe amekaa kwa fundi akijifunza kukata.

Mchumi Debraj Ray aliliandika jambo hili vizuri mwaka 2006: pengo kati ya ulipo na unapotaka likiwa dogo mno hutajitahidi, na likiwa kubwa mno hutajitahidi pia. Kwa hiyo mgeni tajiri sana anaweza kuwakatisha tamaa. Mleteni fundi wa mtaa wa pili mwenye cherehani mbili na msaidizi mmoja. Huyo wanaweza kumfikia.

Mwalimu wa Hisabati (Jinja)

Mimi napinga kidogo "kila muhula mgeni mmoja". Muda ndio muhimu. Mtafiti Emma Riley alifanya jaribio Kampala mwaka 2016. Watahiniwa wa S4 na S6 walipelekwa sinema mitihani ikikaribia. Wengine walionyeshwa Queen of Katwe, kisa cha Phiona Mutesi, mcheza chesi wa Katwe, mtaa wa Kampala, na wengine filamu isiyo na mfano wa kuigwa. Kwa S4, walioona cha Phiona walipungua kufeli hisabati, hasa wasichana na waliokuwa dhaifu darasani.

Ninavyoelewa mimi, ilifaa kwa sababu mhusika ni wa mji wao, taabu zake wanazijua, na mtihani ulikuwa mlangoni, kwa hiyo moto ulikuta kuni tayari. Ukileta mgeni Februari kwa mtihani wa Oktoba, hamasa haina pa kwenda. Panga mgeni wa S4 mwishoni mwa Septemba.

Mlezi wa Klabu (Mbale)

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimebaki na moja: kijana wa miaka 22 aliyeng'ang'ania kucheza soka Ulaya na hana hata timu ya ligi ndogo. Nimkatishe?

Kocha wa Mbio (Kapchorwa)

Usimkatishe, Mlezi, mwekee tarehe. Msimu huu aingie timu yoyote ya ligi ya wilaya. Mkubaliane kwa maandishi mapema, mbele ya mzazi: mpaka msimu uishe awe ameanza mechi angalau kumi. Wakati huohuo ajifunze kazi moja ya pembeni ya mpira, kama urefa au ukocha wa watoto. Akitimiza kumi, msimu ujao lengo ni daraja la juu yake. Asipotimiza, mkae tena watu watatu walewale na karatasi ileile, na swali la kwanza liwe: kinachokuvuta ni mpira wenyewe au ni Ulaya? Kama ni mpira, kazi ya urefa ameshaianza. Kama ni Ulaya, hapo kuna mazungumzo mengine kabisa, na ni bora yafanyike akiwa na miaka 23 kuliko 30.