Motokari moja, sprinti na rali ndefu: nibadilishe nini?

Tolo_Katuba
Jambo wakubwa. Hapa L'shi (Lubumbashi) tuna Impreza ya turbo, magurudumu yote manne yanavuta, kizimba cha usalama kipo. Mbio ziko mbili katika kiangazi hiki. Ya kwanza ni sprinti: spesiali (kipande cha njia kilichofungwa, kinachopimwa muda) ya km 6, inakimbiwa mara nne. Ya pili ni siku mbili, km 170 za spesiali, na iliyo ndefu kuliko zote ina km 28. Njia ni laterite tupu, ule udongo mwekundu. Amortisa (vizuia mtikisiko) ni seti moja, pesa inatosha pine 8. Niitengeneze kwa ajili ya sprinti halafu niiimarishe, ama nianzie kwa ile ndefu?

Fundi_wa_Ruashi
Anzia kwa ile ndefu, halafu vua. Gari ya rali ndefu ukiipunguzia kilo 40 inakimbia sprinti vizuri. Gari ya sprinti ukiipeleka km 28 itakufia porini.

Urefu wa njia peke yake si kitu. Kinachoua ni joto na wingi wa mapigo. Spesiali ya dakika nne inaisha amortisa zikiwa ndiyo kwanza zinapata moto. Kwenye dakika ishirini mafuta yake yanakuwa mepesi kama maji, gari inaanza kugonga chini, kisha fimbo inapinda au kikombe cha juu kinapasuka. Watu wanalaumu shimo la mwisho, kumbe amortisa ilichoka km 10 nyuma. Safari Rally ya 2021 kule Kenya, dereva Thierry Neuville alikuwa anaongoza siku ya mwisho, amortisa ya nyuma ikavunjika, akabaki njiani. Na ile ni gari ya kiwanda!

Kwa hiyo: kwa rali ndefu inua gari mm 20 hadi 25 kuliko ya sprinti, springi ziwe laini kidogo. Jioni ya siku ya kwanza shika kila amortisa: inayovuja, au iliyo baridi kuliko wenzake baada ya spesiali, haifanyi kazi.

Mafuta ya freni: DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia digrii 230, ikishanyonya unyevu inashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Chukua 5.1 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, na utoe hewa tena jioni. Usichanganye na DOT 5 bila ".1"; ile ni ya silikoni, haipatani na hizi.

Filta ya hewa: vumbi letu la Septemba halipiti katikati ya filta, linapita kandokando yake. Paka grisi kwenye ukingo wa mpira. Sprinti filta moja safi inatosha. Kwenye ndefu badilisha kila mara gari inaporudi kwa mafundi. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, la sivyo unashindilia vumbi.

Mapine_Kampemba
Pine zote 8 nunua za mpira wa ugumu wa kati. Km 24 za sprinti hazimalizi pine. Zile nne za sprinti zitakuwa akiba yako kwenye rali ndefu.

Presha: kwenye sprinti pine haina muda wa kupata moto, weka ile unayoitaka tangu mwanzo, tuseme bar 1.9. Kwenye ndefu kila digrii 10 za joto zinaongeza karibu bar 0.1, lakini usishuke sana kwa sababu hiyo, jiwe litaibana pine kwenye rimu na kuikata. Anza na 2.1, kisha angalia mabega ya pine yanavyolika.

Pancha: km 6 usisimame kamwe. Km 28, zikibaki zaidi ya 8 hivi, simama ubadilishe. Watu wawili waliozoea wanamaliza kwa dakika mbili. Rimu tupu inayokokotwa itakung'olea bomba la freni.

Kopilote_243
Mnasahau karatasi, yaani maelezo ya njia ambayo kopilote anamsomea dereva. Sprinti, ukipita mara ya pili dereva ameshaijua njia kichwani. Km 170 hakuna kichwa cha kuzibeba. Kwenye reko (kupita njia polepole kabla ya mbio) andika pia vichuguu vilivyofichwa na majani. Pale hukati kona hata kidogo, kichuguu ni ukuta.

Halafu saa. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kuchelewa dakika moja kwenye kituo cha kupima saa ni adhabu ya sekunde 10, kuwahi dakika moja ni sekunde 60. Ukifika mapema kaa nje ya kibao cha kituo usubiri. Na kwenye liezoni (barabara ya kawaida kati ya spesiali) unapita katikati ya baiskeli za makala, endesha kama raia.

Wengine watakutajia rali ya Dakar. Ile ni kitu kingine: kitabu cha njia tu, bila reko. Safari ya zamani, hadi 2002, iliendeshwa kwenye barabara zisizofungwa. Ya Naivasha tangu 2021 ni spesiali zilizofungwa kama rali nyingine.

Tolo_Katuba
Aksanti sana wakubwa. Basi kwa sprinti nitoe bamba la chini ya injini? Lina kilo 12. Na esansi (petroli) niweke lita 5?

Fundi_wa_Ruashi
Hapana mdogo wangu, bamba libaki, jiwe halijui kama ni sprinti. Toa pine mbili za akiba na sanduku la vifaa, kilo 40 zimeshapatikana. Esansi: turbo inakula kama lita 60 kwa km 100 za spesiali, kwa hiyo km 6 ni lita 4. Ila weka 12 kila unapoanza. Tangi likiwa karibu tupu, kwenye kona esansi inakimbilia upande, pampu inavuta hewa, na turbo ikisukuma bila esansi ya kutosha pistoni inayeyuka.