Kijana wa kidato cha tatu: abaki timu ya shule ama timu ya mtaa?

BabaWinga_FreeArea
Wadau salamu. Niko Nakuru, kijana wangu ako na miaka 16, kidato cha tatu, shule ya kutwa. Anacheza winga ya kushoto na sio ati kwa sababu ni wangu, huyo mtoto ana mguu. Sasa ako na timu ya mtaa tangu akiwa na miaka 11, mazoezi kila jioni, mechi wikendi, na mwalimu wa michezo amemwambia muhula wa pili ukianza aingie kambi na shule, mambo ya mtaani aache, achague moja. Kochi wa mtaa kusikia hivyo akanuna, Jumapili akamkalisha benchi dakika zote 90. Mamake anasema aache zote mbili asome. Juzi nimepata njumu zimefichwa ndani ya jiko la makaa tuliloacha kutumia, sijui aliyeficha ni mama ama mtoto. Nyinyi mngefanyaje?

KipaMstaafu
Shule, hata usiulize. Mimi nilidakia shule moja ya bodingi huku Kakamega na nusu ya karo yangu ililipwa na hizi mikono. Timu ya mtaa imewahi kulipia nani karo? Na hujaona uwanja wa Bukhungu hapa Kakamega siku Green Commandos, timu ya Kakamega School, wako uwanjani, watu wanaimba mpaka refa anasahau filimbi. Maskauti wanakuja hapo, hawaji huko mtaani kwenu Free Area kuangalia watoto wakicheza kwa vumbi.

Kochi_Manyatta
Kipa nakuheshimu lakini unaongelea shule kubwa. Boli ya shule ni muhula wa pili tu, muhula wa kwanza ni raga, hoki na basketi. Unapitia kaunti ndogo, kaunti, rijoni, ndio ufike nashono, na mtoto wa shule ndogo akipigwa nusu fainali ya kaunti ndogo amemaliza mwaka, mechi nne basi, anangoja mwaka ujao na mwaka ujao ni KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Huku kwangu anacheza karibu kila wikendi.
Kitu naogopa zaidi ni kumgawa bila mpango. Nilikuwa na kijana alicheza mechi tano ndani ya siku nane, shule Jumanne mimi Jumamosi, kila mtu anamvuta kwake (na mimi nilikuwa kati ya hao wavutaji, siwezi jitoa). Goti likaisha. Siku hizi ananiletea maji uwanjani.
Halafu baba, weka karatasi zote za usajili wake. Akienda pro nje, FIFA inahesabu fidia ya mafunzo (pesa ya timu zilizomlea) kutoka mwaka aliotimiza 12, na timu nyingi zetu hukosa kwa sababu hakuna rekodi. Na akija mtu na hadithi ya majaribio Ulaya, kijana ni wa 16, uhamisho wa nje kabla ya 18 FIFA imekataza isipokuwa kwa sababu chache sana. Usiuze ng'ombe.

Mluhya_Minnesota
Huku Marekani hii vita ilikuwa rasmi kabisa. Shirikisho la soka lilianzisha ligi yao ya akademi 2007, baadaye wakaifanya ya miezi kumi na kupiga marufuku boli ya shule, watoto wengi wakakosa kucheza mbele ya marafiki zao. 2020 wakaifunga. Ila huku klabu ndio inakula pesa ya mzazi, shule ndio nafuu. Kwenu ni kinyume, mtaani anacheza bure, karo ndio inaumiza. Kwa hivyo baba uliza swali moja tu, shule inampunguzia karo ama inataka miguu ya bure?

MamaWaTatu_Kisumu
Hapo kwa karo Minnesota amegonga. Wangu alikuwa na kesi hiyo hiyo, nikawaita mwalimu na kochi kwangu, nikaweka chai na mandazi. Kumbe walicheza pamoja wakiwa vijana, wakaanza kubishana nani alikosa penalti gani, mimi nangoja tu. Mwishowe tuliandika kwa karatasi: kambi ikiwa on ni wa shule, Jumapili moja tu ndio ya kochi, shule ikitolewa anarudi mtaani siku hiyo hiyo. Wakasaini wote.
Na mwambie mamake Michael Olunga, straika wa Harambee Stars, alipita shule ya Upper Hill, akaingia chuo kusomea injinia na bado 2015 alikuwa Gor Mahia ile ilichukua ligi ya Kenya bila kufungwa. 2020 akawa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Vitabu havikumzuia kufunga.

BabaWinga_FreeArea
Asanteni. Nimempigia mwalimu nikamuuliza ya karo, akakohoa kohoa akasema ataongea na prinsipo. Kochi amekubali chai ya Jumamosi lakini anauliza kama kutakuwa na nyama. Njumu alificha mama, anadai ni panya alikuwa anazitafuna. Kijana amezitoa anazipaka mafuta ya kupikia, na hiyo mafuta nayo imeleta kesi ingine.