Wakuu, duka linasema niliwaletea picha nane, mimi najua ni kumi na moja. Nyie mnatunzaje kumbukumbu za kazi zenu?

BrashiKavu:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mchoraji wa tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, mwaka wa tisa sasa, kibanda changu kipo Msasani.

Mwezi wa sita nilipeleka picha duka moja la zawadi, mali kauli kama kawaida yetu: ikiuzwa wanakata asilimia 30, inayobaki yangu. Juzi nafuata hela, dada wa pale ananiambia zililetwa nane, tano zimeuzwa, tatu hizo ukutani. Mimi nakumbuka kabisa nilishusha kumi na moja kwenye bajaji. Karatasi sina, sahihi sina.

Hilo halijapoa, mama mmoja wa Denmark kanitumia picha WhatsApp. Anataka barua ya kuthibitisha kuwa twiga watatu aliowanunua 2019 ni kazi yangu. Jina pale chini ni langu. Mkono sasa... mwaka ule nilikuwa na vijana wawili wananisaidia kujaza rangi. Sijui.

Mnaandika nini, mnaandika wapi? Na sisi tunaochora simba yuleyule mara arobaini tunawatofautishaje?

Mlalahoi77:
Hizo tatu zimepanda bajaji zikarudi kwao, angalia vizuri uvunguni.

DadaWaBatiki:
Pole kaka. Mimi yalinikuta kwa vitambaa, nikalia wiki nzima, halafu nikanunua kauntabuku. Kazi ikiisha tu naipa namba: mwaka na zamu yake, mfano 24-017. Naandika kipimo, nimetumia nini, tarehe, bei. Safu ya mwisho inaitwa IPO WAPI, hiyo naijaza kwa penseli maana inabadilika kila mara: nyumbani, duka fulani, imeuzwa kwa nani, kwa shilingi ngapi. Watu wengi wanaandika mauzo tu. Kazi haipotei ikishauzwa, inapotea ikiwa njiani.

Ukipeleka mali kauli, nenda na kile kitabu cha nakala chenye kaboni. Orodhesha namba na bei, wasaini, karatasi moja yao, moja yako. Asiyetaka kusaini, rudi na mzigo wako.

BrashiKavu:
Dada, nikirudi na mzigo nitakula nini? Maduka yenyewe ya kuhesabu.

DadaWaBatiki:
Haya, basi zipange picha zako pale dukani, zipige picha moja kwa simu, mtumie mwenye duka hapohapo: "Leo nimekuachia kumi na moja, namba 24-017 mpaka 24-027." Akijibu "sawa kaka" ameshasaini huyo. Ujumbe huo usiuache kwenye simu tu, simu za Dar mnazijua.

MzeeWaMpingo:
Mdogo wangu, suala la simba arobaini ndilo kubwa. Kila simba ana namba yake, hata wakifanana kama mapacha. Mpige picha mzima, halafu piga kipande kidogo kwa karibu: macho, au pale rangi ilipochuruzika. Rangi ya mafuta haichuruziki mara mbili vilevile.

Namba usiiandike kwenye mbao za fremu. Mtalii anang'oa kitambaa, anakizungusha, anakitia kwenye bomba, mbao zinabaki kwako. Andika kwenye ule ukingo wa kitambaa unaokunjwa nyuma, kwa penseli. Maka peni inapenya ikatokea mbele. Nimeona pundamilia ana namba ya simu tumboni.

Kuhusu barua ya Denmark, usiandike usichokijua. Mwambie imetoka kibandani kwako, mwaka huo, na ulikuwa na wasaidizi. Mwenyewe Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huu, alichora miaka minne hivi tu, mpaka akafariki 1972, na mpaka leo watu wanabishana ipi ni ya mkono wake. Siku hizi weka safu ya "nani amegusa".

HesabuKwanza:
Kauntabuku sawa, ila ikilowa mvua za masika umekwisha. Kila Jumapili ipige picha kurasa kwa kurasa uzihifadhi kwenye barua pepe yako. Ukiweza Eksel, vizuri zaidi, unatafuta namba sekunde moja.

Halafu kodi. Kwa viwango vilivyowekwa 2019 kwa mfanyabiashara mdogo, mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu anatozwa 100,000. Anayetunza anatozwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Uliyeuza milioni 5 ukiwa na daftari ni 30,000. Nenda ofisi ya TRA uulize viwango vya mwaka huu, lakini daftari nenda nalo. Rangi na kitambaa nazo andika, la sivyo utadhani unapata faida kumbe unakula mtaji.

DadaWaBatiki:
Na haki. Aliyenunua picha amenunua picha, hajanunua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Pale COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unaweza kusajili kazi zako, na picha za simu zenye tarehe ni ushahidi mzuri ukigombana na mtu.

Mlalahoi77:
Tatu za dukani je?

MzeeWaMpingo:
Aende kwa upole, aombe waangalie stoo. Akizikosa, amezikosa.

BrashiKavu:
Nimerudi wakuu. Stoo imetoa moja, nyuma ya vikapu. Mbili hakuna. Jana usiku nimeanza kuandika, chumbani zipo 34. Ya 35 nimeigeuza mara tatu, sijui nimechora mimi au ni ya yule bwana mdogo aliyehamia Arusha.

MzeeWaMpingo:
Mpigie leo, kabla na yeye hajasahau.