Naomba ushauri: siti nzuri ya baiskeli ya umeme, hii niliyonayo inaniumiza

Wakuu habari za saa hizi. Nina baiskeli ya umeme, naitumia Mbagala kwenda Posta kila siku ya kazi. Mota haina shida, betri inakaa na chaji vizuri, tatizo ni siti yaani nikifika Mtongani tu makalio yanawaka na huku mbele panakufa ganzi kabisa.

Nadhani baiskeli ya kawaida inasamehe kidogo kwa sababu unasimama kwenye pedeli, ya umeme mota inafanya kazi we umekaa tu kama umekalia stuli, na usukani wangu uko juu kwa hiyo uzito wote unashukia kwenye siti.

Kuna fundi Kariakoo kanionyesha pana yenye springi mbili nyuma, mwingine anasema hizo laini sana unazama halafu ndo zinabana zaidi, bora ngumu kiasi yenye mfereji katikati. Kava la jeli nisiambiwe, linateleza balaa.

Bomba la siti ni milimita 27.2, na betri naichomoa kwa juu nyuma ya bomba hilohilo, so siti ndefu sana kwa nyuma itazuia. Mimi nina kilo 90 na ushee.

Aliyewahi kubadilisha alichukua ipi? Mtumba wa Ulaya au mpya? Na lile bomba lenye springi kwa ndani linasaidia kweli kwenye matuta au ni kupigwa tu hela?