Mrejesho: hisa tulizotoa bila kura ya bodi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama bodi ya kampuni yetu, iliyosajiliwa Delaware, Marekani, inaweza kuhalalisha hisa zilizotolewa bila azimio. Inaweza, kwa kifungu cha 204 cha sheria ya makampuni ya Delaware. Akidi (idadi ya chini ya wakurugenzi kikaoni) na kura hufuata kanuni za kampuni za leo, ila kama kanuni za siku hisa zilipotolewa zilidai kura nyingi zaidi, hizo ndizo zinafuatwa. Hapo tungekwama! Za sasa zinataka wakurugenzi watatu kati ya watano. Za zamani wanne. Jana kikaoni mkono wa nne ulichelewa kunyooka, moyo ukanidunda, kisha ukanyooka. Azimio limetaja tarehe, idadi ya hisa na kasoro yenyewe. Sasa tunawaandikia wanahisa wote ndani ya siku 60. Asanteni sana, mmetuokoa.